Mhudumu wa Afya wa Kitongoji: Kazi Yake ni Nini, na Tumchague Nani?

Mfugaji wa Shinyanga akirudisha ng'ombe zizini jioni, hufanya nini kwanza? Huwahesabu. Hahesabu wale wanaolia peke yao, wala wale wanaochechemea peke yao. Huwahesabu wote. Kama asubuhi walitoka 40 na jioni wamerudi 39, mfugaji huyo hatulii. Atauliza: yule mmoja amebaki wapi? Labda amenasa matopeni. Labda amezalia porini. Labda ameibwa.

Basi tujiulize. Ng'ombe tunawahesabu kila jioni. Je, watu wa kitongoji chetu nani anawahesabu? Nani anajua kwamba mama fulani ana mimba ya miezi saba na hajafika kliniki hata mara moja? Nani anajua kwamba mzee fulani ameacha dawa za kifua kikuu? Nani anajua kwamba watoto wa ng'ambo ya mto hawajachanjwa?

Kazi hiyo ya kuhesabu, kujua na kufuatilia ndiyo kazi ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tarehe 31 Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango mpya wa wahudumu hawa. Lengo lake ni kupata wahudumu 137,294 katika Tanzania Bara kwa muda wa miaka mitano. Hesabu hiyo imetoka wapi? Ni wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Kwa hiyo jambo hili linakuja mpaka mlangoni petu. Ni vizuri tulielewe kabla hatujaitwa kwenye mkutano wa kuchagua.

Mganga humwona anayefika

Katika zahanati ya kijiji yupo mganga, yupo na muuguzi. Wanafanya kazi kubwa. Lakini mganga humtibu mtu aliyefika. Yule asiyefika hamwoni. Anayeumwa kitandani, kilomita 12 kutoka zahanati, hayumo katika daftari lake.

Hebu tuchukue kitongoji cha mfano. Kitongoji hicho kina kaya 80. Katika kaya hizo wamo watoto 60 wenye umri chini ya miaka mitano. Mganga akitazama daftari lake anaona watoto wengi wanaletwa kuchanjwa. Anafurahi. Anasema, "Mambo ni mazuri."

Lakini mhudumu anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Anaomba kadi ya kila mtoto. Akimaliza anapiga hesabu. Watoto waliokamilisha chanjo ni 45. Waliobaki ni 15. Hao 15 wako wapi? Anatazama tena daftari. Anaona kwamba 11 kati yao wanakaa ng'ambo ya mto. Masika mto unajaa, mama zao hawawezi kuvuka.

Sasa ugonjwa wa kitongoji hiki umejulikana, na si uvivu wa akina mama. Shida ni mto. Dawa yake haiko katika chupa. Dawa yake ni muuguzi kuvuka siku moja wakati wa kiangazi na kuchanja watoto wote wa ng'ambo, au wanakijiji kujenga kivuko.

Hii ndiyo maana ya kutazama afya ya jamii nzima. Wahudumu wanafundishwa jambo hili siku hizi. Hawaulizi tu, "Nani anaumwa?" Wanauliza maswali matatu. Wangapi? Wako wapi? Kwa nini wao na si wengine? Mtu aliyejua kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kuyajibu maswali hayo. Daftari na kalamu vinaokoa maisha.

Hesabu hiyo husaidia pia ugonjwa mgeni ukiingia. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera, jirani kabisa na mkoa wa Geita. Ugonjwa huo huua haraka, nao hupita kwa kugusa damu au majimaji ya mgonjwa au maiti. Ili kuuzuia, kila aliyemgusa mgonjwa lazima ajulikane na afuatiliwe kwa siku 21. Nani ajuaye nani alimwuguza nani, na nani alihudhuria msiba gani? Ni mtu wa palepale. Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba mlipuko huo umekwisha.

Kumshika mgonjwa mkono

Kazi ya pili ya mhudumu ni kuunganisha huduma. Wataalamu huita kazi hiyo uratibu wa huduma. Neno ni gumu kidogo lakini jambo lenyewe si gumu. Maana yake ni kumshika mgonjwa mkono asipotee njiani.

Mgonjwa hupoteaje? Tutazame. Mgonjwa yuko nyumbani. Anatakiwa aende zahanati. Zahanati ikishindwa inampeleka kituo cha afya. Kituo kikishindwa kinampeleka hospitali ya wilaya. Hospitali ya wilaya inampeleka hospitali ya rufaa ya mkoa. Na huko wakishindwa anapelekwa hospitali ya kanda, kama vile Bugando, Mwanza. Ngazi ni nyingi. Kwenye kila ngazi mtu anaweza kudondoka. Mmoja hana nauli. Mwingine amepoteza karatasi. Mwingine amepewa tarehe ya kurudi lakini hakuielewa. Mwingine amepona kidogo akaacha dawa.

Mhudumu anafundishwa kufanya mambo manne:

Kwanza, kuandika karatasi ya rufaa. Mgonjwa anakwenda zahanati na karatasi inayoeleza shida yake.

Pili, kumwuliza mganga kama mgonjwa amefika. Kumtuma mtu hakutoshi. Ukimtuma mtoto dukani, huulizi kama amerudi?

Tatu, kupokea jibu kutoka zahanati. Mgonjwa akirudi nyumbani, mganga amwambie mhudumu: huyu anywe dawa mpaka tarehe fulani, arudi tarehe fulani.

Nne, kumtembelea mgonjwa nyumbani na kuona kama hayo yanafuatwa.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Karatasi inakwenda, lakini jibu halirudi. Mhudumu asipopata jibu anafanya kazi gizani. Kwa hiyo mganga na mhudumu wakutane kila mwezi, walinganishe madaftari yao. Huyu mgonjwa yuko kwako? Yuko. Na huyu? Hayuko. Basi huyo ndiye ng'ombe aliyebaki porini. Atafutwe.

Mazungumzo katika nyumba moja

Tuseme mhudumu amefika katika nyumba moja. Mama mwenye nyumba anachambua mchele. Mkamwana wake amekaa chini ya mti, ana mimba kubwa.

Mhudumu: Hodi! Mwangaluka, mayu.

Mama: Mwangaluka. Karibu, mwanangu. Kaa hapo.

Mhudumu: Ahsante. Naona mkamwana leo hakwenda shamba.

Mama: Aa, huyo ni mchovu tu. Tulikuwa tunapanda mpunga juzi. Anasema kichwa kinamwuma.

Mhudumu: Kinamwuma tangu lini, mayu?

Mama: Siku ya tatu leo. Mimi nilizaa watoto tisa, kichwa ni jambo la kawaida.

Mhudumu: Naomba ruhusa nimwulize mwenyewe. Dada, pole. Macho yanaona vizuri?

Mkamwana: Yanaona ukungu. Na vidole hivi vimevimba, pete haitoki.

Mhudumu: Mayu, huu si uchovu. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, hizi ni dalili za hatari. Damu yake inaweza kuwa inapanda. Ikizidi anapata kifafa cha mimba, na tunaweza kumpoteza yeye na mtoto.

Mama: Sasa tufanyeje? Mume wake yuko machimboni Geita. Lazima tumngoje aseme.

Mhudumu: Tutampigia simu tukiwa njiani. Lakini safari tuianze sasa hivi.

Ndugu msomaji, umeona? Mhudumu hakumdharau mama mkwe. Alimwamkia kwa heshima, aliomba ruhusa, akaeleza sababu. Lakini katika jambo la hatari hakukubali kungoja. Kumngoja mume siku moja kungeweza kuleta msiba.

Kuna kuchelewa kwa aina tatu kunakoua akina mama. Kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Mhudumu mwema hupambana na yote matatu.

Simu namba 115

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo la kujivunia hapa. Mfumo wa usafiri wa dharura kwa akina mama, unaoitwa m-mama, ulijaribiwa kwanza kwetu, Sengerema na mkoa wa Shinyanga. Ulipoonekana unafaa, ukapelekwa kote. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa Aprili 2022.

Unafanyaje kazi? Mtu hupiga simu namba 115. Simu hiyo ni bure. Anayepokea huuliza dalili za mgonjwa. Akiona ni dharura, hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama gari hilo halipo, humwita dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa na mfumo. Dereva hulipwa na mfumo, wala si na mgonjwa. Tena mpokeaji wa simu huijulisha zahanati au hospitali kwamba mgonjwa anakuja, wajiandae. Mfumo huu ni kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Hebu tazama. Namba moja imeunganisha nyumba, dereva na hospitali. Huo ndio uratibu wa huduma.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 104. Tusiseme kwamba ni kazi ya simu peke yake. Vituo vya afya vilijengwa, waganga waliongezwa, akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitali. Lakini inaonyesha kwamba vifo hivi vinazuilika.

Namba hiyo iandikwe ukutani katika kila nyumba: 115.

Machimboni kuna kazi ya pekee

Kuanzia Kahama na Msalala mpaka Geita, Nyarugusu na Rwamgasa, ndugu zetu wengi ni wachimbaji wadogo. Wanaapolo hawa wana shida zao ambazo mhudumu lazima azijue.

Shida ya kwanza ni vumbi. Ndani ya duara na kwenye karasha, mawe hutoa vumbi jembamba. Vumbi hilo huingia ndani ya mapafu wala halitoki. Mapafu yanakuwa magumu polepole. Mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Kwa hiyo mchimbaji anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku na kukonda, asinunue dawa ya kikohozi dukani akaishia hapo. Apeleke makohozi yakapimwe.

Shida ya pili ni rashi. Dawa ya kifua kikuu cha kawaida hunywewa miezi sita. Mwanaapolo ameanza dawa katika machimbo haya. Miezi miwili baadaye inasikika kwamba dhahabu imetoka mahali pengine. Usiku huohuo amefunga mzigo, amekwenda. Dawa zimebaki huku. Tena alikwisha kupata nafuu, anaona hana haja nazo. Kumbe ugonjwa haujaisha. Unarudi kwa nguvu, na safari hii dawa za kwanza zaweza zisiuweze. Tena anawaambukiza wenzake katika kibanda kimoja.

Mhudumu wa machimboni ajue hayo tangu siku ya kwanza. Amwambie mgonjwa: "Kaka, najua rashi ikitokea utaondoka. Sikuzuii kutafuta riziki. Ila usiondoke bila kupita zahanati uchukue karatasi ya uhamisho na dawa za njiani. Huko uendako onyesha karatasi hiyo." Maneno haya ni bora kuliko kumgombeza. Mgonjwa akigombezwa hujificha.

Shida ya tatu ni zebaki. Zebaki hukamata dhahabu, kisha huchomwa ikapanda kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, lakini ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka. Kwa mama mjamzito sumu humfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake. Na wapo wanaoichomea jikoni, ndani ya nyumba, watoto wamelala! Mhudumu akiona hivyo asinyamaze. Zebaki ichomwe mbali na nyumba, kwa chombo cha kunasia mvuke, wala watoto na wajawazito wasiwepo.

Mhudumu anajifunza nini?

Mafunzo ni ya miezi sita. Sehemu ni darasani, sehemu ni kwa vitendo katika vituo vya afya na katika vitongoji. Mpango wenyewe unaitwa jumuishi, yaani umekusanya mambo pamoja. Zamani kila mradi ulikuwa na wahudumu wake. Huyu wa malaria, huyu wa UKIMWI, huyu wa kifua kikuu, huyu wa lishe. Nyumba moja ilitembelewa na watu wanne, na nyumba nyingine haikutembelewa na mtu. Sasa mhudumu mmoja anajifunza yote ya msingi.

Anajifunza dalili za hatari kwa mtoto. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hajitambui, apelekwe zahanati mara moja. Anajifunza kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Anajifunza kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake una mzunguko chini ya sentimita 11.5, utepe unaonyesha nyekundu. Huyo ana utapiamlo mkali.

Anajifunza pia kwamba mtoto anayeharisha apewe maji yenye dawa ya chumvi na sukari, na aendelee kunyonya. Anajifunza kuhusu vyandarua, vyoo, kunawa mikono, uzazi wa mpango, shinikizo la damu na kisukari.

Na anajifunza kunyamaza. Mambo aliyoyaona katika nyumba ya mtu ni siri ya nyumba hiyo. Mhudumu anayesema kilabuni kwamba fulani anakunywa dawa za UKIMWI amevunja kazi yake mwenyewe. Kesho hakuna mlango utakaofunguliwa kwake.

Lakini liko jambo ambalo anatakiwa aliseme kwa sauti. Katika Usukuma, kwa miaka mingi, bibi vizee wenye macho mekundu wamedhaniwa kuwa wachawi. Wengine wameuawa. Ukweli ni upi? Bibi huyo amepika miaka 50 kwa kuni na samadi katika jiko lisilo na mahali pa kutokea moshi. Macho yake yameungua kwa moshi! Mhudumu akimwona bibi kama huyo ampeleke apimwe macho, na awaambie majirani wazi kwamba ni moshi. Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha ya mtu.

Mhudumu si daktari. Hachomi sindano nyumbani kwake. Hauzi dawa. Hafungui duka la dawa chini ya kitanda. Akifanya hivyo atolewe taarifa.

Tumetoka wapi?

Jambo hili si geni kabisa. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walishiriki. Baada ya majadiliano watu walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakasafisha visima.

Miaka hiyohiyo vijiji vingi vilichagua wahudumu wa afya, wakafundishwa kwa miezi michache wakarudi vijijini. Hata nchi nyingine zilifanya hivyo. China ilikuwa na waganga wa vijijini walioitwa madaktari wa miguu mitupu. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakakubaliana kwamba afya ya msingi lazima iwafikie watu wote mahali wanapoishi.

Lakini kwetu wengi wa wahudumu wale waliacha kazi. Kwa nini? Tusiogope kusema. Kijiji kilitakiwa kiwalipe, na miaka ya 1980 hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, kijiji hakikulipa. Masanduku ya dawa yalikwisha, hayakujazwa. Mhudumu alitembea juani mwaka mzima bila posho, bila dawa na bila mtu wa kumkagua. Mwisho alirudi shambani kwake. Mkono mtupu haulambwi.

Wenzetu wa Ethiopia walipoanza mpango wao mwaka 2003 waliamua kwamba wahudumu walipwe mshahara na serikali. Wakafundisha wanawake zaidi ya 30,000, wawili kwa kila eneo la vijijini, kwa mwaka mmoja. Mpango huo umedumu. Na kwetu, tukumbuke yaliyotokea Januari 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya katika Afrika ikatikisika. Hili ni fundisho. Anayetegemea mvua ya jirani asilalamike shamba lake likikauka. Posho ya mhudumu lazima iwe na mahali pa kudumu pa kutoka.

Tumchague nani?

Mkutano wa kuchagua ni wetu. Basi twende. Tusiwaachie wachache wapange majina usiku.

Tumchague mtu anayekaa katika kitongoji, si yule anayekaa mjini na kuja siku za sikukuu. Awe anajua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri, na awe na elimu inayotakiwa na chuo. Awe anaweza kutunza siri. Awe anapokelewa na matajiri na maskini, na wenyeji na wageni wa machimboni. Awe na miguu ya kufika mpaka nyumba ya mwisho.

Tusimchague mtu kwa kuwa ni mpwa wa kiongozi. Tusimchague mlevi kwa kuwa ametununulia pombe. Na waume tusiwazuie wake zetu. Wapo wanaume wanaosema, "Mke wangu hawezi kuzunguka katika nyumba za watu." Lakini wanaume haohao wake zao wakiwa na uchungu wa uzazi hutafuta mwanamke wa kuwasaidia. Tuwe wakweli.

Akishachaguliwa, naye ana haki zake. Mwenyekiti wa kitongoji amtambulishe kwa kila nyumba. Mganga amkague na kumfundisha, si kumfanya mfagiaji wa zahanati. Kamati ya afya isikie taarifa yake. Na katika kila mkutano wa kijiji asimame aseme: tulikuwa na wajawazito wangapi, wangapi walijifungulia zahanati, watoto wangapi hawajachanjwa, vyoo vingapi vimebomoka. Asitaje majina ya wagonjwa. Ataje hesabu. Kisha sisi tuamue la kufanya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walipokuwa wanaibwa sana, watu wa Shinyanga hawakukaa kungoja. Waliunda Sungusungu. Yowe likipigwa, kila mtu alitoka. Nguvu hiyo ya kuitikia pamoja bado tunayo. Mama mwenye uchungu wa uzazi akipiga yowe usiku, je, tutatoka kama tulivyotoka kwa ajili ya ng'ombe?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kitongoji chenu kuna wajawazito wangapi sasa? Nani anajua?

2. Nyumba ipi iko mbali zaidi na zahanati? Masika watu wa nyumba hiyo hupita wapi?

3. Mgonjwa akitumwa hospitali ya wilaya, nani huuliza kama amefika na kama amerudi?

4. Je, kila mtu katika kikundi chenu anaikumbuka namba ya simu ya dharura ya akina mama?

5. Ni nani katika kitongoji chenu anayefaa kuwa mhudumu, na kwa sababu gani?

Someni makala hii kwa sauti katika kikundi. Mwenzenu asiyejua kusoma naye asikie.